Dini ya Turkana isiyo na bango

Ukiwa Lodwar Jumapili asubuhi, huna haja ya kuuliza kanisa liko wapi. Vipaza sauti vitakuelekeza. Ijumaa mchana utawaona Waislamu wakielekea msikitini. Sasa panda gari ufuate barabara ya Lokichoggio, kama kilomita 120 hivi, ufike Kakuma. Hapo orodha inarefuka. Kuna Wasomali na misikiti yao, Waethiopia wa kanisa la Orthodox na shuka zao nyeupe, Wasudan Kusini, Wakongomani na Warundi na makanisa ya kila aina. Kambi hiyo imekuwepo tangu 1992, na kila aliyekimbia vita alikuja na Mungu wake.

Nikuulize swali. Katika hesabu hiyo yote, umemhesabu Mturkana mwenyewe anayemwomba Akuj chini ya mti?

Akuj ndiye Mungu wa Waturkana, mwenye mbingu na mvua. Dini yake haina jengo wala bango. Ina emuron, anayeoteshwa ndoto na kusema mbuzi wa rangi gani achinjwe, na wazee wanaosoma matumbo ya mnyama huyo kujua yanayokuja.

Wamisionari walipoingia kwa wingi miaka ya 1960, kipindi cha njaa, walileta chakula, shule na hospitali. Dayosisi ya Kikatoliki ya Lodwar ikaundwa 1978. Sibishi, watu wamesoma na kutibiwa. Lakini angalia hapa: jina la Akuj lilikaribishwa kanisani, na mpaka leo Mungu huitwa hivyo kwenye ibada za Kiturkana. Emuron ndiye aliyebaki nje. Siku hizi kijana wa mjini akimtaja, atasema ni mganga tu, au mchawi kabisa.

Utaniambia hayo ndiyo maendeleo. Sawa, hebu twende Ulaya ya kaskazini kidogo. Si mbali na Kakuma vile unavyodhani: Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo limeendesha shule nyingi kambini, lilianzishwa mjini Lund, Uswidi, mwaka 1947.

Huko kaskazini kabisa mwa Norwe, Uswidi na Ufini wanaishi Wasami, ambao baadhi yao ni wafugaji kama Waturkana, ila wao hufuga kulungu wa nchi za baridi. Dini yao ya kale ilitumia ngoma iliyochorwa alama, na mtaalamu aliipiga akitafuta majibu. Wakubwa wa serikali na kanisa wakasema huo ni uchawi. Ngoma zikachukuliwa, nyingine zikachomwa.

Mwaka 1691 mzee mmoja Msami, Anders Poulsen, alinyang'anywa yake nchini Norwe na kushtakiwa. Ngoma ikaishia Denmark. Ilikuja kuwa mali ya Wasami tena rasmi mwaka 2022, zaidi ya miaka 300 baadaye. Mwaka 2021 Kanisa la Uswidi nalo lilikuwa limewaomba Wasami msamaha hadharani mjini Uppsala.

Linaloniuma ni hili. Mengi yanayojulikana leo kuhusu alama za ngoma ile yanatoka kwenye maelezo aliyoyatoa mzee huyo mahakamani, akijitetea. Wasami walirudishiwa ngoma, lakini wazee waliojua kuisoma walishakufa zamani.

Sisi hatujafika huko bado. Katiba yetu ya 2010 inasema Kenya haina dini ya taifa, na kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Hata sensa ya 2019 iliwahesabu wafuasi wa dini za jadi. Kwa sheria emuron na askofu wako sawa. Dharau ni yetu wenyewe, na hiyo hakuna mahakama itakayotuondolea.

Huhitaji kuacha kanisa wala msikiti. Ukienda mashambani likizo hii, kaa na babu au nyanya umuulize: kwa nini mbuzi wa rangi hii na si ile? Mti huu unaheshimiwa kwa nini? Omba ruhusa, kisha rekodi. Kama Kiturkana chako ni cha kuungaunga, beba binamu anayekijua. Na simu uichaji kabla ya kutoka Lodwar, kwa sababu huko uendako stima ni hadithi.