Fonti Nzito yenye Serifu za Mapambo katika Maandishi ya Kiswahili: Mfano wa Majina ya Mahali Kisiwani Pemba

Serifu ni kijimkia kinachofunga ncha ya mstari wa herufi. Katika fonti za vitabu kijimkia hicho ni chembamba, na msomaji hapiti akikitazama. Fonti nzito ya mapambo hugeuza uhusiano huo: mhimili wa herufi hunenepeshwa hadi uwazi wa ndani ukabaki mdogo, na serifu hukuzwa, ikapindwa, ikapasuliwa au ikachanuliwa mfano wa jani. Fonti za namna hii zilishamiri London mwanzoni mwa karne ya 19, wapiga chapa walipohitaji herufi za mabango ya biashara. Mwaka 1922 Oswald Cooper wa Chicago alitoa Cooper Black, ambayo serifu zake zimeviringwa hadi zikafanana na unga uliokandwa. Fonti hizo zilibuniwa kwa kuzingatia lugha za Ulaya. Hoja ya makala haya ni kwamba Kiswahili huzitwisha mzigo mwingine, na majina ya Pemba yanaudhihirisha mzigo huo waziwazi.

Upambaji wa ncha za herufi haukuletwa Zanzibar na mtambo wa chapa. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria (1107 Miladia) yamechongwa kwenye matumbawe ya mihrabu, na ncha za herufi zake zimechanua majani. Pemba yenyewe, huko Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na zenye majina ya watawala wa mwambao. Maneno ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Mifano hiyo miwili inakutana katika jambo moja: matini ni mafupi, na yametungwa yakijua nafasi yatakayokaa. Hapo ndipo pambo huwa halali.

Tukirejea kwenye herufi za Kirumi, tuchukue jina WAWI, mahali karibu na Chake Chake. W ni pana juu na nyembamba chini. A ni kinyume chake. Zikiwa tupu, herufi hizi hulaliana vizuri. Zikivikwa serifu nzito, serifu ya juu ya W huelekea kugonga kilele cha A, na serifu ya mguu wa A hujipenyeza chini ya W. Msanifu akizitenganisha ili zisigongane, neno hukatika vipande. Akizisogeza, doa jeusi hutokea. Jina hili hurudia tatizo hilo mara mbili kabla ya kufika kwenye I, ambayo husimama kama nguzo.

Jozi ya WA angalau imezoeleka kwa wasanifu wa Ulaya, nao huipangia nafasi yake. Hali ni tofauti kwa MK, MT, MW, KW na HW, jozi ambazo ni nadra katika Kiingereza ilhali Kiswahili hakiwezi kuandikwa bila hizo. Katika MKOANI, mguu wa mwisho wa M na mhimili wa K husimama bega kwa bega, serifu kwa serifu, na kwa mbali huonekana kama herufi moja isiyojulikana. CHWAKA na MTAMBWE yana matatizo ya jinsi hiyo hiyo. Aidha, maneno ya asili ya Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo pambo la mwisho wa neno huiangukia A, E, I, O au U. OLE huanza kwa O isiyo na serifu na kumalizika kwa E yenye serifu tele. Neno huonekana kuegemea upande mmoja.

Suala zito zaidi ni kibainishi cha ng'. Wasanifu wengi hukichukulia kama alama ya pembeni, wakakichora kikubwa kama jani au, kinyume chake, chembamba mno kando ya herufi nene. Katika jina NG'AMBWA, alama hiyo ni sehemu ya sauti. Mchora kibao anayeiondoa kwa kuwa inaharibu mpangilio amebadilisha jina la mahali. Katika maneno ya kawaida hasara ni ile ile: ng'oa ni kitendo cha kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni tamaa.

Kanga inatoa ushahidi wa upande wa pili. Jina la kanga, lililoandikwa zamani kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa herufi kubwa za Kirumi, hukaa ndani ya kisanduku kwenye mji, pindo zikiwa zimejaa mapambo. Kwa maoni yangu, herufi nzito zisizo na madoido mengi zinafaa zaidi hapo, kwa sababu nguo hukunjwa, hutembea na husomwa kwa mgongo wa mvaaji. Pambo liko kwenye pindo tayari.

Kwa hiyo, anayetathmini fonti kwa ajili ya kibao cha skuli, jalada la kitabu au tangazo la bandarini asiridhike na sentensi ya majaribio ya Kiingereza inayokuja na fonti hiyo. Aandike WAWI, MKOANI na NG'AMBWA kwa ukubwa utakaotumika, kisha asimame hatua ishirini na kusoma.