Je, Wajua? Raha Ndogo za Nyumbani na Safarini

Je, wajua kwamba ile harufu tamu inayopanda ardhini matone ya kwanza ya masika yanapopiga vumbi ni kazi ya bakteria? Ni jamii ya Streptomyces, wanaoishi udongoni na kutengeneza kemikali iitwayo jiosmini. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe chache tu katika trilioni. Pamoja nayo kuna mafuta ya mimea ambayo mawe na udongo huyanywa kiangazi chote. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, waliyaeleza mafuta hayo katika jarida la Nature.

Lakini harufu hiyo hupandaje hadi puani? Jibu lilipatikana mwaka 2015, wataalamu wa MIT nchini Marekani walipopiga picha za kasi sana. Tone likigusa udongo wenye vitundu, hunasa vipovu vya hewa chini yake. Vipovu hupanda, hupasuka juu ya tone, na kurusha hewani chembe zilizobeba harufu. Rasharasha huifanya kazi hiyo vizuri kuliko mvua ya kishindo. Kwa hiyo manyunyu yakianza, toka barazani upesi, maana ikishakuwa gharika raha yenyewe imepita.

Jiosmini hiyohiyo ndiyo inayompa kambare wa bwawani ladha ya tope. Asidi huivunja, kwa hiyo mama anayemkamulia kambare ndimu kabla ya kumkaanga anafanya kemia sahihi kabisa.

Na chai ya moto mchana wa jua kali? Wengi huona ajabu, ila mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, waliwapa waendesha baiskeli maji ya nyuzijoto 50, na miili yao ikabaki na joto dogo kuliko walipokunywa maji baridi. Kinywaji cha moto huuamsha mwili utoe jasho zaidi, na jasho likikauka huondoka na joto. Sharti ni hilo la kukauka. Dodoma, penye hewa kavu, kikombe cha chai kinaweza kukupoza kweli. Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi, jasho hubaki likitiririka mgongoni, na hapo dafu ni bora.

Jioni, nyumba nyingi za pwani hufukiza udi. Mti wenyewe, Aquilaria, hutoka Asia, na mbao zake zikiwa na afya ni nyeupe na hazinukii. Mti ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi mzito, na utomvu huo ndio manukato yote tunayoyasikia chetezoni. Watu wameusaka mti huu kiasi kwamba tangu 1995 biashara ya kimataifa ya aina yake mashuhuri imewekewa udhibiti. Kipande halisi kidogo kinastahili kuthaminiwa.

Anayesafiri kikazi naye ana yake. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Mabasi hulazimika kupunguza mwendo, na abiria wa dirishani huona twiga, pundamilia na pengine tembo kwa nauli yake tu. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, nayo hupita kwenye mbuga. Weka simu mfukoni kwa saa hiyo moja. Ripoti ya ofisi itasubiri.

Angani mambo hugeuka. Shirika la ndege la Lufthansa liliona abiria wake wanaagiza juisi ya nyanya kwa wingi usio wa kawaida, na mwaka 2010 taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ikaonyesha kwamba katika mgandamizo mdogo wa hewa ndani ya ndege, chumvi na sukari hupoa ulimini. Mwaka 2015 watafiti wa Cornell wakaongeza kuwa kelele za injini hufifisha utamu wa sukari lakini huzidisha umami, ule utamu mzito wa nyanya, uyoga na dagaa. Ukiwa angani, chagua mchuzi. Keki utaila ukishatua.

Usiku wa kwanza gesti ndio mgumu. Chumba ni safi na kitanda ni kizuri, hata hivyo kila mlango unaofungwa koridoni unakushtua. Mwaka 2016 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Brown waligundua sababu: mtu akilala mahali pageni, nusu ya kushoto ya ubongo wake hailali sana kama ya kulia, na huwa nyepesi kusikia sauti zisizo za kawaida. Pomboo hulala kwa namna iliyo karibu na hiyo. Watu walewale waliporudi kulala palepale siku chache baadaye, tofauti hiyo ilitoweka. Basi si woga wala uzee. Ni ubongo unaolinda zamu. Kama kikao ni kizito, fika mapema ulale usiku mbili, na rudi kwenye gesti ileile kila safari.

Tena usioge maji baridi ukaingia kitandani papo hapo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walipitia tafiti nyingi, wakaona kwamba kuoga maji ya nyuzijoto 40 hadi 42.5, saa moja au mbili kabla ya kulala, humfanya mtu apate usingizi mapema kwa dakika kama 10. Damu hukimbilia viganjani na nyayoni, joto la ndani hushuka, na mwili huelewa kuwa ni usiku. Ukifika mapokezi, agiza ndoo yako ya maji ya moto mapema, hata kabla ya chakula cha jioni.