Filamu Isiyohitaji Mtafsiri

Katika filamu nyingi muziki hufanya kazi ya kiungo katika mchuzi: huongeza uchungu wa msiba na hofu ya adui anayenyemelea, lakini kisa chenyewe hubebwa na maneno ya wahusika, kiasi kwamba hata muziki ukiondolewa mtazamaji bado ataelewa nani kamdhulumu nani. Filamu ya katuni ya Interstella 5555, iliyoonyeshwa Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2003, iliupindua utaratibu huo, kwa kuwa kisa chake cha zaidi kidogo ya saa moja hakitegemei mazungumzo, bali husimuliwa kwa nyimbo 14 za albamu ya Discovery, zikifuatana kama zilivyopangwa katika albamu yenyewe.

Albamu hiyo ilitolewa mwaka 2001 na Daft Punk, kundi la Wafaransa wawili, Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, waliotengeneza muziki wa kielektroniki, yaani muziki ambao sehemu kubwa ya sauti zake huzalishwa au kugeuzwa kwa mashine. Mbinu yao mojawapo ilikuwa sampuli, ambapo kipande cha wimbo wa zamani hukatwa, hurudiwarudiwa na kujengewa wimbo mpya juu yake. Utotoni mwao walikuwa wamezitazama katuni za anga za Mjapani Leiji Matsumoto, zilizopendwa sana Ufaransa, na kwa sababu hiyo walimfuata msanii huyo Japani, akasimamia sura ya filamu iliyoongozwa na Kazuhisa Takenouchi katika kampuni ya Toei Animation.

Kisa kinahusu wanamuziki wanne wenye ngozi ya buluu wanaotekwa jukwaani katika sayari yao, wakaletwa duniani na kuuzwa kama bendi mpya na tajiri aliyekusudia kujikusanyia santuri za dhahabu 5,555 ili autawale ulimwengu, huku rubani mmoja, Shep, akifunga safari ya kuwaokoa. Nguvu ya kusimulia kisa kwa nyimbo huonekana vizuri katika wimbo wa nne, Harder, Better, Faster, Stronger, ambao maneno yake machache hurudiwa kwa sauti iliyopitishwa kwenye mashine hadi isisikike tena kama ya binadamu. Wakati huohuo mateka hao, wakiwa hawana fahamu, hupitishwa kituo hadi kituo kama bidhaa kiwandani: kumbukumbu zao huhamishiwa kwenye diski, wakapandikizwa nyingine za uongo, ngozi ikabadilishwa rangi, wakavishwa nguo mpya. Hakuna msimulizi anayesema kwamba utu wao umeibwa, kwa sababu mapigo yasiyochoka yamekwisha kulisema jambo hilo. Shep anapokata roho, wimbo wa tisa hupunguza mwendo, na ukimya wa wahusika hugeuka kuwa maombolezo.

Usimulizi huu wa nyimbo ukitazamwa kutoka Pito, kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, si mgeni kama unavyoweza kudhaniwa. Ufipa, uwanda wa juu ilipo kata hiyo, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, una hazina ya ngano iliyomfanya mwanaanthropolojia Roy Willis achapishe mwaka 1978 kitabu kizima kuhusu sanaa ya simulizi ya Wafipa. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki, wimbo si pumziko la msimulizi bali ndio unaogeuza kisa, kama vile pale ndege anapoimba siri ya mauaji ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuitamka, na wasikilizaji wakaipokea kwa kiitikio.

Aidha, katika vibanda vya video nchini Tanzania filamu ya kigeni imezoeleka kupita kinywani mwa mtafsiri, kazi iliyompa umaarufu mkubwa msimulizi aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye aliwasemea wahusika kwa Kiswahili, akiongeza mzaha na maonyo ya kwake mwenyewe. Filamu ya Daft Punk haimwachii mtafsiri pengo la kujaza, na mtazamaji anayewaza kwa Kifipa, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa hupokea kisa kilekile kwa wakati uleule.

Malighafi ya kazi ya namna hiyo ipo pia nchini. Ubongo Kids, katuni ya elimu iliyoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, hutumia nyimbo kufundishia watoto hesabu na sayansi, na singeli, muziki wa kielektroniki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, wenye mapigo yanayoweza kuzidi 200 kwa dakika, ulivuka mipaka mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa albamu ya Sounds of Sisso. Funzo la Interstella 5555 kwa anayetaka kuviunganisha viwili hivyo ni kwamba mpangilio wa nyimbo ndio uwe mpangilio wa matukio, badala ya muziki kutafutiwa nafasi baada ya picha kukamilika. Mwishoni mwa filamu hiyo hufunuliwa chumba cha mtoto aliyelala karibu na santuri yake, na hapo hubainika kwamba kisa chote huenda kilikuwa ndoto iliyozaliwa na muziki, kama ambavyo ngano humfuata mtoto usingizini baada ya wimbo wake kuimbwa.