Oktani: Namba ya Petroli na Maana Yake

Namba ya oktani hupima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujiwasha yenyewe. Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka ukapata joto kali, kisha plagi hutoa cheche na moto husambaa. Petroli ya oktani ndogo haingoji: sehemu ambayo moto wa plagi haujaifikia huwaka yenyewe kwa kishindo. Ndipo injini husikika ikigonga, hasa gari lenye mzigo linapopanda mlima. Hali hiyo ikiachwa iendelee, pistoni huweza kutoboka.

Kipimo hiki kilianzishwa Marekani mwaka 1926 na mkemia Graham Edgar. Isooktani, isiyogonga kirahisi, ilipewa 100. Heptani, inayogonga upesi, ilipewa 0. Petroli ya 95 basi hugonga sawa na mchanganyiko wa isooktani 95 na heptani 5, hata kama yenyewe ina isooktani kidogo tu. Kwa kuwa namba hii si asilimia ya kitu kilichomo ndani ya petroli yenyewe, ethanoli huweza kupita 100. Namba za pampu za Marekani nazo ni wastani wa vipimo viwili, kile kiitwacho RON na kingine kinachotoa namba ndogo zaidi, hivyo 87 ya huko inakaribia 91 au 92 ya RON, inayotumika Afrika Mashariki.

Zamani oktani ilipandishwa kwa kutia madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia 2006.

Kinachoshusha oktani mitaani ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na yalipokuwa na kodi ndogo kuliko petroli, kuyachanganya kulilipa. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikayawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Tanzania pia hutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yagundulike kwa vipimo.

Wengi huamini oktani kubwa ni nguvu zaidi. Sivyo. Injini iliyoundwa kwa 91 haipati faida ya maana kwa 95. Inayohitaji 95 ndiyo huweza kuumia ikipewa 91. Namba sahihi ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi pia ndani ya kifuniko cha tangi.