Beni Twaikumbuka, Mzigo Tumeusahau

Mjini Nairobi liko soko la Kariokor, na Dar es Salaam iko Kariakoo. Watu huenda huko kununua vyondo, vyakula na nguo, lakini ni wachache wanaojiuliza jina hilo limetoka wapi. Asili yake ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, kwani hapo ndipo zilipokuwa kambi zao. Jina likabaki, wenyewe wakasahauliwa.

Nimewasikiliza wazee wengi wa pwani wakisimulia habari za vita hivyo kama walivyozipokea kwa baba na babu zao. Aghalabu husimulia beni, ngoma iliyoanza katika miji yetu kabla ya vita, yenye tarumbeta, magwaride na vyeo vya Kizungu. Askari wa Keya na wapagazi waliichukua mpaka bara, ikafika hata Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mzee akifika hapo uso humng'aa, nawe utadhani vita vilikuwa arusi.

Wazungu nao wana beni yao. Mwaka 1919 Wajerumani walimpokea Jenerali Lettow-Vorbeck mjini Berlin kwa shangwe, kama shujaa asiyeshindwa. Mwaka 1951 ikatoka filamu ya The African Queen, kisa cha mwanamume na mwanamke wa Kizungu na mashua yao wakati wa vita hivyo. Mwanzoni twawaona wanakijiji wakiswagwa na nyumba zao zikichomwa. Kisha mashua yaondoka na kisa chawaacha huko huko.

Mimi nauliza: waliswagwa wakaenda wapi?

Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Hawa hawakuwa askari. Walikuwa wakulima, wachungaji na wavuvi, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Hesabu ya serikali yenyewe yasema waliokufa walizidi 95,000. Risasi iliua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara, malaria, mvua, na unga usioiva vizuri. Hapa kwetu, Wagiriama walipokataa kutoa vijana wao kwa kazi ya serikali, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti mnamo Agosti 1914.

Waliobaki nyumbani nao hawakupona. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na ng'ombe, na mashamba yakakosa mikono. Huko Ugogo ikaingia njaa ambayo wenyewe waliiita Mtunya. Mwaka 1918 yakafuata maradhi ya homa kuu ya mafua, yakamaliza waliosazwa na njaa.

Siwalaumu wazee wetu. Aliyerudi hai alikuwa na haki ya kucheza na kusahau. Lakini sisi tuliorithi ngoma tumerithi na deni. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa sababu majina hayakuandikwa vyema na wenyewe hawakutafutwa ipasavyo, na serikali ya Uingereza ikazikalia fedha hizo. Katika dini yetu, ujira wa mtu ni haki yake, na akifa huwa mirathi ya watoto wake. Haugeuki kuwa mali ya aliyemtumikisha.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi. Radhi ni jambo jema, lakini radhi haina orodha ya majina. Orodha hiyo, kama ipo, imo vinywani mwa wazee, nao wanatutoka kila mwaka.

Basi msomaji, ukiwa na mzee nyumbani, mwache kwanza aimalize beni yake, asikatizwe. Akishamaliza, muulize: ni nani katika ukoo wetu aliyechukuliwa asirudi? Andika jina lake na la baba yake. Kisha umsomee Fatiha, maana huenda tangu afe hajasomewa na mtu.