Timu Yapewa Jina la Samaki

Mpira wa magongo huchezwa uwanjani. Katika nchi za baridi huchezwa pia juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea.

Mji wa Toledo, Marekani, ulikuwa na timu ya mchezo huo. Iliitwa Storm, yaani Dhoruba. Mwaka 2007 iliacha kucheza, na uwanja wake mkongwe ukabomolewa. Wapenzi wa mchezo wakabaki bila timu.

Wilaya ya Lucas ikajenga uwanja mpya. Timu mpya ikaanza kucheza mwaka 2009. Ni mali ya umma, si ya tajiri mmoja. Je, iliitwaje?

Iliitwa Walleye. Huyo ni samaki wa Ziwa Erie. Kila mwaka, baridi ikipungua, samaki hao hupanda mto Maumee kutaga mayai. Wavuvi hujaa mtoni. Kila mtu pale anamjua. Picha yake ikatiwa kwenye fulana za timu.

Ndugu, mkianzisha timu kijijini, fanyeni mkutano. Chagueni jina ambalo hata bibi kizee analijua. Naye ataishangilia timu yake.