Timu Ikifungwa Kila Siku, Mshabiki Anabaki?

Mwezi uliopita mtoto wangu wa pili alirudi kutoka uwanjani jioni, akavua jezi na kuitupa chini ya kitanda. Timu ya zoni yetu ilikuwa imefungwa mara ya nne mfululizo, na safari hii 5 kwa bila. Akasema, "Baba, mimi sishabikii tena. Hawa wanatuaibisha." Mama yake alicheka. Mimi nilikaa kimya kidogo, halafu nikamsimulia habari ya Waafghanistan. Naileta na hapa kwa kuwa ni habari ya watu wa kambini kama sisi, ingawa mchezo wao si mpira wa miguu. Ni kriketi.

Wengi wetu hatuijui. Kwa kifupi, mmoja anarusha kampira kagumu, mwingine anakapiga kwa ubao, halafu anakimbia mbele na nyuma kutafuta mikimbio. Kila timu inarushiwa mipira 300 katika mechi ya siku moja. Wapigaji 10 wakitolewa, zamu yenu imekwisha. Mwenye mikimbio mingi ndiye mshindi. Mechi inachukua siku nzima, kwa hiyo mshabiki wa timu mbovu anateseka toka asubuhi mpaka jioni, si dakika 90 tu!

Waafghanistan waliujifunza mchezo huu ukimbizini. Jeshi la Kisovieti liliingia nchini kwao Desemba 1979, na watu zaidi ya milioni 3 wakakimbilia Pakistan. Kule wenyeji wanapenda kriketi kama Simba na Yanga zinavyopendwa Tanzania. Watoto wa kambi za karibu na mji wa Peshawar, kama ile ya Kacha Garhi, wakaanza kuiga. Mmoja wao, Taj Malik, alikusanya vijana kambini, wakaunda timu, na baadaye akawa kocha wa taifa. Mwaka 2008 walikwenda kisiwa cha Jersey kucheza daraja la tano la dunia, yaani chini kabisa, wakashinda fainali kwa taabu sana. Mwaka 2015 walikuwa tayari kwenye Kombe la Dunia. Kule Australia iliwachapa kwa tofauti ya mikimbio 275, lakini waliifunga Scotland wakiwa wamebakiwa na mpigaji mmoja tu.

Sasa njoo 2019, Kombe la Dunia Uingereza. Matumaini yalikuwa makubwa. Walikuwa na Rashid Khan, mrushaji anayeogopwa dunia nzima, ambaye naye aliwahi kuishi Pakistan na familia yake wakikimbia vita. Walicheza mechi 9. Walifungwa zote 9. Siku ya kucheza na Uingereza mjini Manchester, huyo Rashid alitoa mikimbio 110 bila kumtoa hata mpigaji mmoja. Na nahodha wa Uingereza, Eoin Morgan, alipiga mpira nje ya uwanja mara 17. Siku ya India walibakiza mikimbio 11 tu washinde. Hiyo ndiyo inauma zaidi, kukosa kidogo.

Basi mtoto akaniuliza, washabiki wakakimbia? Hawakukimbia. Mechi ya nane, dhidi ya Pakistan mjini Leeds, walikuja kwa wingi na bendera zao, timu ikiwa imeshafungwa mara 7! Walipoteza tena, zikiwa zimebaki mipira 2. Sitaficha kwamba siku ile washabiki wa pande mbili walipigana, na wengine wakaingia uwanjani. Ni aibu, na sisi tunajua ugomvi wa mpira unavyoweza kuleta matata kati ya jirani na jirani. Lakini mtu aliyeikatia tamaa timu yake asingetoka nyumbani siku ile.

Linganisha na India, nchi yenye washabiki wengi wa kriketi kuliko yote. Tarehe 13 Machi 1996, nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Kolkata, India ilianza kuanguka mbele ya Sri Lanka. Watu wakatupa chupa, wakachoma moto majukwaani. Mwamuzi mkuu akaivunja mechi na kuwapa Sri Lanka ushindi. Mchezaji Vinod Kambli alitoka uwanjani analia. Tena mwaka 2007, India ilipofungwa na Bangladesh, watu walikwenda Ranchi kuharibu nyumba ya Mahendra Singh Dhoni iliyokuwa inajengwa. Dhoni huyohuyo mwaka 2011 alipiga mpira wa mwisho uliowapa kombe, wakamshangilia. Mimi naona aliyezoea kushinda anaidai timu yake kama mtu anayedai mkopo. Aliyekumbuka siku ambazo hakuwa na timu kabisa, hadai hivyo.

Lakini uvumilivu nao una mwisho, na mfano uko jirani. Kenya mwaka 2003 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia chini ya nahodha Steve Tikolo, baada ya kuifunga Sri Lanka palepale Nairobi. Nani angeamini? Mwaka 2011 ikafungwa mechi zote 6, na 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Wakenya hawakuchoma kiti hata kimoja. Timu kubwa zikaacha kuja, na mshabiki atashangilia nini kama hakuna mechi?

Na kwa Waafghanistan wenyewe kuna jambo zito kuliko kufungwa. Tangu Taliban warudi mwaka 2021, wasichana hawaruhusiwi kucheza. Wachezaji wengi wa kike walikimbilia Australia, na Januari 2025 walicheza mechi Melbourne, wakiwa wakimbizi. Wako watu wanaojiuliza kama ni haki kuishangilia timu ya kaka wakati dada amefungiwa mlango. Mimi nina mabinti wawili, na sikuweza kulijibu swali hilo kwa mtoto wangu.

Nilimalizia kwa habari ya 2023. Kombe la Dunia lililofuata, India, timu ileile iliyofungwa mara 9 iliifunga Uingereza, bingwa mtetezi, kwa tofauti ya mikimbio 69. Ikaifunga Pakistan. Mwaka 2024, kwenye kombe la mechi fupi, ikafika nusu fainali, na barabara za Jalalabad zikajaa watu. Nusu fainali yenyewe wakatolewa wote kwa mikimbio 56. Aibu tupu!

"Kwa hiyo walifungwa tena," mtoto akasema.

Nikamwambia ndiyo, walifungwa tena.

Jumamosi hii timu ya zoni yetu inacheza saa kumi. Asubuhi nimeiona ile jezi kwenye kamba, imefuliwa. Sijamuuliza kitu.